Sifa za CSS, Mpole Asiyekemea

CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, haijawahi kumkemea mtu. Lugha nyingine za kompyuta zina mdomo: ukikosea herufi moja katika JavaScript, maandishi mekundu yanawaka na kukutajia mstari ulipojikwaa. CSS hunyamaza. Ukisahau nukta mkato, inayatupa maagizo mawili, lile uliloliacha wazi na lile linalolifuata, kisha inaendelea na shughuli zake bila hata kuguna.

Kijana wa Malindi anayejifunza kupamba kurasa za wavuti huuonja upole huo mapema, kwa sababu shuleni alifunzwa Kiingereza cha Uingereza. Anaandika "colour", maandishi yanabaki meusi. Anaandika "centre", maneno yanabaki yamejibanza kushoto. Hakuna aliyemwambia kwamba mpole huyu anasoma tahajia za Kimarekani tu. Isipokuwa kwa kijivu: "gray" sawa, "grey" sawa. Msiniulize kijivu kilihonga nani.

Na kimya hicho kina faida, lazima niseme. Kivinjari cha zamani kikikutana na agizo kisilolijua hulipita tu, kwa hiyo ukurasa ulioandikwa jana unafunguka hata kwenye simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Umbo litakuwa la ajabu, lakini nambari ya simu ya hoteli itasomeka.

Hoteli nimezitaja kwa sababu ndizo zinazotupa mazoezi. Kuanzia Casuarina hadi Watamu kumejaa nyumba za wageni, na kila moja yataka picha ya bwawa la kuogelea, bei kwa yuro na maelezo ya Kiitaliano. Mwenye nyumba hana madai makubwa.

"Mwanangu, hilo jina niwekee katikati ya picha."

"Sawa, mama. Dakika tano."

Hapo ndipo CSS inapompa mtu subira ambayo viboko vya shule havikumpa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano waliirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ikapanda, ikashika njia yake kuizunguka dunia, ikaanza kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Jambo hilo liliwezekana; kuweka kitu katikati ndiko kulikoshindikana. Håkon Wium Lie alipoipendekeza CSS tarehe 10 Oktoba 1994, akiwa CERN mjini Geneva, na Bert Bos akaungana naye, hadi toleo la kwanza likaidhinishwa Desemba 1996, kukiweka kisanduku katikati ya kingine, juu na chini, hakukuwa na agizo lake la wazi. Watu walihangaika na majedwali, wakatoa nusu ya urefu kwa kikokotoo, wakaomba dua. Faraja ilikuja na fleksiboksi, kisha gridi, iliyoingia Firefox, Chrome na Safari Machi 2017. Nani mwingine angetulea kwa muda wote huo bila kutudekeza?

Hesabu yake nayo ni ya kipekee. Kila kisanduku kina mji na pindo, sawa na kanga. Lakini ukiiambia CSS upana ni pikseli 300, inaupima mji peke yake. Ongeza nafasi ya ndani pikseli 20 na pindo pikseli 5 kila upande, unapata 350, na safu ya pili inaporomoka chini. Internet Explorer ya zamani ilipima kanga nzima, mpaka pindo. Ilichekwa dunia nzima kwa kosa hilo. Siku hizi mafundi huanza kazi kwa kuandika agizo la kupima vilevile alivyopima yule aliyechekwa, wala sijasikia aliyempelekea salamu za radhi.

Maagizo yakigombana, CSS huamua kwa cheo. Kitu kilichoitwa kwa kitambulisho chake hukishinda kilichoitwa kwa kundi, hata makundi yawe kumi. Sisi wa Pwani hilo hatuhitaji kufunzwa. Tunajua foleni za kitambulisho. Anayeshindwa kwa cheo huandika "!important", yaani hupiga meza. Kesho yake mwenzake naye hupiga meza, na ukurasa mzima unakuwa kikao cha wakubwa. Toleo la 1996 lilimpa mwandishi neno la mwisho katika kelele hizo. La 1998 likageuza, likampa msomaji, ili mwenye macho dhaifu aweze kudai herufi kubwa hata mpambaji akinuna.

Fadhila inayokigusa Kiswahili nimeiweka mwisho. Kitufe kilichokatwa kwa kipimo cha "Book" hakiwezi kulibeba "Tunawakaribisha". CSS hailikati neno wala kulificha. Inaliacha limwagike nje ya kitufe, lipande juu ya majirani, kwa kuwa afadhali ukurasa uchukize kuliko msomaji akose neno. Mwenye nyumba akipiga simu kulalamika kwamba ukarimu wake umefunika yuro 80 za usiku mmoja, kijana anafungua kompyuta, anaandika agizo moja la kulivunja neno, na kutoza ada ya marekebisho.