Mwalimu, Bonyeza "Endelea"

Mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) iliwazindulia walimu wa Kenya mafunzo ya lazima ya kunoa ujuzi, sehemu yake mtandaoni: moduli sita, kila moja miaka mitano, ada shilingi 6,000 kwa mwaka. Piga hesabu. Ni miaka 30 na shilingi 180,000. Mwalimu akianza ana miaka 31, atakamilika kitaaluma akiwa na 61, mwaka mmoja baada ya kustaafu. Wajukuu watafundishwa na mtaalamu hasa.

Kule Kayole na Umoja, mitaa ya Nairobi, darasa lenyewe ni simu iliyopasuka kioo, usiku, madaftari ya kusahihisha yakiwa yamerundikwa mezani. Stima ikipotea, mwalimu anasoma kwa mwanga wa somo. Bando nalo lina adabu zake: huisha video ikifika penye jambo la maana. Usingizi ukimshika, binti yake wa darasa la sita humbonyezea "endelea" na kujibu maswali ya mwisho, tena anapata yote.

Cheti, bila shaka, kitaandikwa jina la mama.