Jeshi la Kuchagua

Tangazo la kujiunga na jeshi likitoka tu, kijiwe cha bodaboda Butimba hugeuka makao makuu. Kijana aliyekuzwa kwa sato hataki wanamaji: ziwa analijua, bahari ina chumvi. Mwenzake anautaka urubani wa Jeshi la Anga, ingawa juzi aligoma kupanda juu ya bati kuziba tundu kwa mama yake. Nchi kavu je? "Kaka, kule wanatembea mno." Hayo anayasema mtu anayekwenda msalani kwa pikipiki.

Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lipo tangu 1963, na halichoki kusema linafundisha uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi, ajira halitoi. Vijana wanaitikia "ndiyo afande", kisha wanauliza mshahara.

Jeshi la Wananchi, JWTZ, nalo hutaka asiyeoa na asiyechorwa mwilini. Kusikia hivyo, mmoja akashusha mkono wa shati taratibu, jina la Zuwena likafunikwa. Mama muuza dagaa alikuwa ameshaliona. "Mwanangu, Magereza si hawa hapa Butimba? Hata nauli huhitaji. Wewe sema tu unaingia kwa mlango upi."