Kasuku Aliyehesabu Saa

Katika msitu ulio kati ya Kailo na mto Lualaba, Chui alikuwa mlinzi wa ghala la mpunga. Mpunga wenyewe haukuwa wake. Kila aliyevuna alitoa debe moja, na wanyama wote walikuwa wamekubaliana kwamba mwenye shida atachota humo posho ya kumvusha hadi mavuno mengine. Ilitosha kusema una njaa, na jirani mmoja akuthibitishe.

Kisha Nguruwe akagundua kando ya kijito mawe meusi mazito, kasiterite, yale yaliyozaa bati na kuyaleta makampuni mkoani Maniema, nchini Kongo, tangu zamani. Akachimba shimo, akaajiri. Wenye nguvu walichimba, akina mama waliosha mchanga kwa mabeseni. Jua likiwaka kazi ilikuwepo. Mvua ikijaza shimo, kila mtu alirudi nyumbani mikono mitupu. Malipo yalikuwa haba, na aliyelalamika aliambiwa na Nguruwe, "Posho ya ghala itakujazia."

Chui alipoona ghala linapungua, hakumwita Nguruwe. Alitangaza sheria. Anayefanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki ni mvivu, asipewe posho. Anayepita saa 24 amekwisha kujitosheleza, naye asipewe. Sokwe, kapita (msimamizi) wa shimo, atampa kila mfanyakazi kijiti kimoja kwa kila saa aliyofanya, na Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Kasuku atavihesabu vijiti mbele ya ghala na kutaja majina.

Kasuku alihesabu vizuri. Hajawahi kumpunja mtu kijiti hata kimoja, na hilo ndilo linaloniuma: hesabu ilikuwa sahihi, na watoto walilala na njaa.

Mtazame Mama Ndezi, mjane mwenye watoto wanne na mama mkwe kipofu. Wiki ya kwanza mvua ilinyesha mfululizo, akapata vijiti 14. Wiki ya pili Nguruwe alikuwa na mzigo wa kupeleka Kindu, akawashika waoshaji mpaka giza, na asiyetaka aliambiwa asirudi Jumatatu. Akapata 26. Jumla ni saa 40 kwa wiki mbili, yaani 20 kwa kila wiki, katikati kabisa ya sheria ya Chui. Lakini Kasuku alisoma wiki mojamoja. Jumamosi ya kwanza Mama Ndezi aliitwa mvivu, ya pili aliitwa tajiri, na zote mbili alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Hakubadilika yeye. Kilichobadilika ni mvua na mzigo wa Nguruwe.

Nguruwe hakuchelewa kuielewa sheria. Swala alipouliza kwa nini ukuta wa shimo haukutiwa nguzo, wiki ile alipangiwa saa 15. Kima, aliyempelekea bosi maneno ya wenzake, hakukosa 20. Saa moja ya kazi ilikuwa na thamani ndogo sana shimoni, lakini saa ya kumi na sita ilikuwa na thamani ya posho nzima, na ufunguo wake aliushika Nguruwe. Wafanyakazi wakaacha kuuliza habari za nguzo.

Lakini njaa ilipozidi wakaitisha baraza, na Chui akalazimika kuja.

Mzee Kobe ndiye aliyetangulia. "Mimi niliona Wabelgiji. Mwaka 1917 waliamuru wanavijiji walime mazao ya lazima siku 60 kwa mwaka. Huku kwetu walitaka pamba na mpunga. Mwaka 1942, wakati wa vita, wakazifikisha 120. Walihesabu siku kwa uangalifu mkubwa. Hakuna aliyehesabu kilichobaki ndani ya chungu."

Mbayuwayu, ambaye kila mwaka hukimbia baridi ya Uingereza, akaomba neno. "Hiyo 16 yenu naifahamu. Kule aliyefikisha saa 16 kwa wiki alikosa msaada wa wasio na kipato. Ulikuwepo msaada mwingine, wa kuongezea mishahara midogo, na huo wazazi wawili waliupata mmoja wao akifikisha saa 16. Aprili 2012 wakaambiwa wafikishe 24 kwa pamoja. Nyumba ambayo mwajiri wake hakuwa na saa za kuongeza ingefanya nini? Mwaka 2013 wakaanza kuleta mpango mpya, usio na ukuta huo. Msaada unapungua taratibu kadiri mshahara unavyopanda. Siku hizi, mwenye watoto akishapita kiwango fulani cha mshahara, kila pauni ya ziada inapunguza msaada kwa peni 55. Lakini mwenye kipato kidogo bado huitwa ofisini aeleze kwa nini hajatafuta saa zaidi."

Korongo alikuwa amefika kutoka Kigoma, akifuata ziwa hadi Kalemie na kisha reli hadi Kindu. "Tanzania kuna TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii," alisema. "Kaya maskini zimekuwa zikipewa kazi za muda, siku 60 kwa mwaka. Jua la huko ni kali na ujira si mkubwa. Lakini anayetaka hizo siku ndiye anayezitoa. Hamdai mama siku ambazo ziko mfukoni mwa mtu mwingine."

Hapo Mama Ndezi akasimama. "Chui, Korongo amenitoa neno mdomoni. Wewe unanidai saa, na saa sinazo mimi. Anazo Nguruwe. Kasuku umemweka mlangoni kwa wenye njaa. Mhamishie shimoni. Kila Jumatatu amuulize Nguruwe wiki hii anampa nani saa ngapi, na atangaze hapohapo. Wiki zetu azijumlishe kwa mwezi. Na posho ipungue kidogo kidogo, nikipata vikombe viwili shimoni unipunguzie kimoja ghalani, nisiogope kufanya kazi siku kazi ipo."

Chui alikaa kimya muda mrefu. Nadhani alikuwa amezoea kuuliza nani mvivu, na hakuwahi kuulizwa yeye nani anagawa kazi. Mwishowe alikubali hesabu ya mwezi. Alikubali pia kwamba Kasuku ahamie shimoni. Kuhusu kupunguza posho kidogo kidogo, alisema watajaribu msimu mmoja.

Jumatatu iliyofuata Kasuku alitua kwenye tawi juu ya shimo, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Nguruwe, wiki hii Swala unampa saa ngapi?" Nguruwe akaangalia huku na huku. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama wakimsikiliza. "Kumi na nane," akajibu.

Jambo moja Chui amelikataa. Mama Ndezi alitaka saa za kumwogesha na kumlisha mama mkwe zipewe vijiti nazo, kwa sababu ni kazi, na asipoifanya yeye haifanywi. Chui anasema hayo ni mambo ya nyumbani. Mama Ndezi ameahidi kulirudisha barazani Jumamosi ijayo, na safari hii atakaa na Sokwe, kapita mwenyewe, ambaye mke wake amejifungua juzi na hajapata kijiti hata kimoja.