Chui Ndani ya Hema

Nianze na bei, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Kambi tuliyolala kando ya Ziwa Naivasha hutoza mtu mzima bei kamili kwa usiku, na mbwa nusu bei. Kwa pesa hizo hupewi kitanda, hupewi chakula, hupewi hata ukuta wa kuegemea. Unapewa nyasi. Hema uje nalo, kuni utauziwa, na ukiulizia maji moto unaonyeshwa pipa na kuambiwa kijana wa kuwasha moto yuko njiani. Pesa nilitoa bila kelele. Lakini ile nusu ya mbwa imenikwama kooni mpaka leo, kwa sababu kati yetu sote watatu, mbwa ndiye pekee aliyelala.

Mbwa mwenyewe anaitwa Chui. Jina alipewa na mama watoto siku aliyoletwa nyumbani, akiwa mdogo kama kiatu cha mtoto, kwa hoja kwamba jina kali humfanya mbwa akue mkali. Na kweli nyumbani ni mkali. Humbwekea muuza maziwa, humbwekea msoma mita, huwabwekea wahubiri wa Jumamosi asubuhi na lori la taka linapopita. Jirani zetu hawatusalimu kwa sababu yake. Kwa hiyo mama watoto aliposema tukampigie Chui kambi ziwani, nilijiambia angalau tutakuwa na mlinzi.

Asili ya safari ni picha. Aliiona kwenye simu: bwana na bibi wamekaa mbele ya hema, kila mmoja na kikombe chake, ziwa mbele yao linameremeta, mbwa miguuni anatazama jua likitua. Akanionyesha. Nikasema ni nzuri. Sikusema kingine chochote, nilisema tu ni nzuri, na kufika Jumamosi gari lilikuwa limeshapakiwa: mablanketi, jiko la gesi, sufuria, unga, trei ya mayai, mtungi wa maji wa lita 20 na godoro la Chui. Godoro langu lilibaki nyumbani. Niliambiwa nafasi imeisha.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90, na mtu aliye peke yake hufika kabla hajachoka. Mwenye mbwa anayetapika kwenye kona ahesabu vingine. Tulishika barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Pale juu watu wanaposimama kutazama Bonde la Ufa, wapo wauza kofia za ngozi ya kondoo, na Chui alizibwekea zile kofia kwa ghadhabu ambayo sijawahi kuiona. Mwenye kibanda akafurahi. "Mzee, huyu ndiye mbwa!" akaniambia. "Kwako hapiti mtu." Nikavimba kichwa. Msomaji, zikumbuke hizo kofia.

Halafu zikaja kona zenyewe. Chini ya mteremko kuna kakanisa kadogo kalikojengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo. Wasafiri husimama hapo kupiga picha, na wengine kusali. Sisi tulisimama kuosha kiti cha nyuma.

Kambini tulipokelewa na askari mzee, mpole, mwenye rungu na koti zito. Hilo koti lingenipa dokezo kama ningekuwa makini, kwa kuwa Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya usiku haina utani. Akatutembeza. Migunga ya manjano mirefu, mbega wanarukaruka juu, na ziwani migunga mingine imesimama imekufa, maji kiunoni. Ziwa lilifura sana mwaka wa 2020, likawahamisha watu kule mtaa wa Kihoto, likameza na nusu ya kambi. "Vyoo vya zamani viko pale," akasema, akinyoosha rungu kuelekea mahali ambapo tai mla-samaki alikuwa ametua juu ya mti mkavu. Vyoo vipya viko mbali. Mbali kabisa, upande wa pili wa uwanja. Hilo nalo likumbuke.

"Viboko hutoka majini jioni kuja kula nyasi," akaendelea. "Lakini kuna waya. Una stima."

Nikashukuru.

"Ikiwepo," akamalizia.

Kuhusu kulisimamisha hema sitasema mengi, maana nimeoa na ningependa kubaki hivyo. Hata kuhusu tumbili sina haja ya kurefusha. Walikuja watatu, wakabeba mkate, wakafungua trei ya mayai kwa vidole kama watu walioisomea kazi hiyo, na wakati huo mlinzi wetu alikuwa chini ya gari, macho ameyafumba.

Sasa twende jioni. Kando yetu walikuwa wamepiga kambi vijana wa ofisi moja ya mjini, na walikuwa wakichoma mbavu za mbuzi. Upepo ukageuka. Chui akainua pua mara moja tu, akachomoka na kamba yake, akapotea kwenye giza. Mtu mwenye mbwa aliyepotea hufanya nini? Humwita. Nami nikaanza kukimbia katikati ya mahema, tochi mkononi, nikiita kwa sauti yangu yote: "Chui! Chui! Chuiii!"

Sijawahi kuona watu wakitii kwa haraka namna hiyo. Zipu za mahema zilishuka zote kwa mpigo. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo aliacha sufuria hewani; nasema hewani kwa kuwa niliisikia ikianguka yeye akiwa ameshafunga mlango wa gari. Wale vijana waliacha nyama, viti na viatu, wakaingia kwenye basi lao dogo, isipokuwa mmoja aliyekwea mgunga bila kukumbuka kwamba mgunga una miiba. Alikumbuka akiwa katikati. Askari akaja mbio, koti linapepea, rungu juu.

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Chui alikuwa ameketi karibu na jiko la makaa, anatafuna ubavu, mkia unafagia majivu.

Askari akamtazama, akanitazama. "Huyu ndiye chui?"

"Ndilo jina lake, mzee wangu."

Akashusha rungu polepole. "Baba, huko Hell's Gate chui wako kweli. Siku mmoja akija hapa na wewe ukiita, nani atatoka kukusaidia?"

Mbavu nilizilipa. Kijana wa mgunga nilimnunulia soda, na mama watoto akamtoa miiba kwa sindano mpaka saa tatu usiku. Alikuwa akicheka. Mke wangu, si kijana.

Saa nne taa ya langoni ikazimika. Stima imepotea, na waya wa viboko umepotea nayo. Tuliingia hemani. Hema letu ni la watu wawili, hivyo ndivyo kibandiko kinavyodai, lakini aliyekiandika hakumhesabu mbwa anayelala kwa kujinyoosha. Mama watoto upande wa kulia, Chui katikati juu ya godoro lake, mimi upande wa kushoto juu ya zile nyasi za kulipiwa, uso umegusana na kitambaa chenye umande.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoanza kusikia. Kwanza pumzi nzito, kisha nyasi zikikatwa: kwaa, kimya kidogo, kwaa. Kitu hicho hakikuwa kule ziwani. Kilikuwa upande wa pili wa kitambaa, kwenye sikio langu la kushoto, na kila kikipiga hatua nilihisi ardhi ikitikisika mgongoni. Kiboko dume huzidi tani moja na nusu, na kwa usiku mmoja hula nyasi kama kilo 40. Alikuwa akila nilicholipia.

Nikamgeukia mlinzi. Huyu aliyezitukana kofia za kondoo mbele ya umati alikuwa amezamisha pua kwenye kwapa langu, masikio yamelala, hatoi sauti, anatetemeka kiasi cha kulitetemesha godoro. Nikamnong'oneza, "Bweka basi." Akasogea ndani zaidi. Na hapo hapo kibofu changu kikakumbuka chai yote ya jioni, na vyoo, kama nilivyosema, viko upande wa pili wa uwanja. Sitaeleza zaidi. Itoshe kusema kwamba chupa ya chai ya mama watoto ilikuwa na mfuniko mzuri, na kwamba sasa tuna chupa mpya.

Asubuhi Chui alitoka wa kwanza, kifua mbele. Kiboko ana tabia ya kutawanya mavi yake kwa mkia, kila upande, na sehemu nzuri ya mavi hayo ilikuwa mlangoni petu. Chui akajigaragaza ndani yake, mgongo, shingo, mashavu, kwa furaha ya mtu aliyepata urithi. Ziwani hakuogeki, wenyewe wapo. Kwa hiyo lita 20 za maji ya kunywa zilimwishia yeye.

Mpango wa siku ile ulikuwa kuendesha baiskeli Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache nchini ambapo mgeni huruhusiwa kupita kati ya pundamilia na twiga bila gari. Langoni wakatukumbusha sheria: wanyama wa nyumbani hawaingii. Mmoja wetu ilibidi abaki na mbwa. Mama watoto akanitazama kwa huruma ya dhati, akapanda baiskeli, akaenda. Nilishinda chini ya kivuli nje ya lango na mbwa anayenuka kiboko, na waendesha bodaboda wakihamisha pikipiki zao mmoja mmoja.

Picha ilipatikana jioni, kabla ya kufunga mizigo. Mimi na Chui mbele ya hema, vikombe, jua linatua. Jamaa na marafiki wameandika kwamba tunapendeza. Shemeji yangu ameandika kwamba uso wangu una utulivu. Ule si utulivu; ni usingizi.

Basi hema ninaliuza. Ni la bluu, zipu moja imegoma, harufu ipo lakini si sana ukilianika. Bei tutaelewana, na mwenye haraka nitampa na godoro la mbwa. Ila uje kabla ya likizo ya Agosti, tafadhali, kwa sababu mama watoto ameshaanza kutazama picha za Ziwa Baringo, na kule juu ya viboko kuna mamba.