Farasi Ni Hao Hao, Mpangilio Siyo

Mtu aliyekosea farasi wote watatu hana taabu. Anaitupa tiketi chini, anasema bahati haikuwa yake, anakwenda kutafuta kinywaji. Wa kuhurumiwa ni yule aliyeandika 7, 3, 12, kisha ubao ukawaka 7, 12, 3. Huyo haitupi tiketi. Anaishika kwa vidole viwili, anamwonyesha jirani asiyemjua hata jina, anamsihi atazame mwenyewe: farasi ni hao hao! Jirani anampa pole, anamwambia alikaribia. Lakini trifekta haina habari ya kukaribia. Inamlipa aliyetaja wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa mfuatano waliofikia, na waliobaki wote, mjuzi na mbumbumbu, inawatia kapu moja. Wabeti wa mpira wa huku kwetu wangesema mkeka umechanika. Hoja yangu ni kwamba fedheha hii haimpati mchezaji kwa bahati mbaya. Imo katika bidhaa anayouziwa dirishani, na ameshailipia kabla farasi hawajatoka.

Ushahidi uko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe ni tamu kuliko mbio. Wakikimbia farasi 10, wa kwanza ni yeyote kati ya 10, wa pili yeyote kati ya 9, wa tatu kati ya 8: mipangilio 720. Kwenye Kentucky Derby ya Marekani, ambako farasi hufika 20, mipangilio ni 6,840. Farasi hawalingani, bila shaka, na mwaka 1973 mwanatakwimu David Harville alichapisha kanuni ya kulipima hilo. Tuseme farasi wako watatu wana uwezekano wa kushinda wa asilimia 25, 20 na 10. Wa kwanza akishapita, zimebaki asilimia 75 za kugombaniwa, na zile 20 za mwenzake ndani ya 75 zinakuwa karibu 27. Naye akipita zinabaki 55, na zile 10 za mwisho zinakuwa kama 18. Zidisha: unapata takriban moja kwa 82. Kanuni hii ina kasoro yake, kwamba inawapendelea mno farasi wanaotajwa sana inapofika nafasi ya pili na ya tatu, lakini hebu iendeshe kwa mipangilio yote sita ya farasi hao hao, kisha ujumlishe. Inatoka moja kwa 17. Maana yake ni kwamba kila mara tano utakazopatia farasi wote watatu, karibu mara nne utakuwa umekosea mfuatano. Mchezo huu unazalisha wajuzi waliofedheheka mara nne zaidi ya washindi, na hakuna aliyevunja sheria yoyote.

Mwenye duka ana dawa: boksi. Unanunua mipangilio yote sita ya farasi wako, basi kwa dau la dola 2 unatoa dola 12. Dawa inafanya kazi, ila ukiitazama vizuri umenunua tiketi sita ukijua kwa yakini kwamba tano ni maiti. Dola 10 kati ya zile 12 ni bima dhidi ya aibu.

Derby ya 2005 ndiyo kesi yangu kubwa. Bellamy Road aliyependwa na wengi alimaliza wa saba. Aliyeshinda ni Giacomo, farasi wa malipo ya 50 kwa 1, aliyekuwa mbali nyuma mwanzoni. Nusu urefu wa farasi nyuma yake akaja Closing Argument, wa 71 kwa 1, na nusu urefu mwingine nyuma akaja Afleet Alex, ambaye baadaye mwaka huo alishinda mbio za Preakness na Belmont zote mbili. Trifekta ya dola 2 ililipa dola 133,134.80. Sasa mfikirie mchambuzi aliyewaona wote watatu, hata yule wa 71 kwa 1 aliyedharauliwa na kila mtu, ila akamweka Afleet Alex juu kwa sababu ndiye farasi bora, jambo ambalo majuma matano yaliyofuata yalilithibitisha. Malipo yake: sifuri. Pembeni yake msimamishe mtu asiyejua farasi ana miguu mingapi, lakini ana dola 13,680 za kununua mipangilio yote 6,840. Huyo alirudi na karibu mara kumi ya pesa zake. Utaniambia siku hiyo ilikuwa ya pekee, na ni kweli: angefanya hivyo mwaka 2018, aliposhinda Justify aliyetarajiwa, angelia. Na hata kupatia mfuatano si salama: mwaka 2019 palikuwa na watu waliopatia mfuatano kamili kwa dakika 22, mpaka waamuzi walipomshusha Maximum Security aliyevuka wa kwanza.

Wapo watakaosema mfuatano ndiyo roho ya mchezo, ukiulegeza hakuna mchezo. Wafaransa wamekwishajibu. Tiercé iliyobuniwa na André Carrus mwaka 1954 hulipa fungu kubwa kwa aliyepatia mpangilio na fungu dogo kwa aliyepatia farasi bila mpangilio. Pesa zinatoka mfuko uleule wa dau za wachezaji, kwa hiyo mshindi kamili hupunguziwa, sibishi. Lakini yule mwenye tiketi ya 7, 3, 12 anakwenda nyumbani na nauli.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mfuko huo ni wa haki: wachezaji wanashindana wenyewe kwa wenyewe, uwanja hauna upande. Uwanja hauna upande kwa sababu umeshachukua chake. Mwaka 2014 Churchill Downs, nyumbani kwa Derby, ilipandisha makato ya dau za aina hii kutoka asilimia 19 hadi 22. Zungusha dola 100 mara tatu kwa makato hayo na, kwa wastani, zinabaki kama 47. Bei nayo huioni, maana mipangilio ni mingi mno kuonyeshwa ubaoni. Unanunua samaki gizani, na muuzaji anakusifu kwa jicho lako zuri. Na hapa mzaha unanitoka. Wapo wachezaji wakubwa wanaotumia kompyuta, wanaorudishiwa sehemu ya makato kwa wingi wa dau zao, na wanaoingiza pesa sekunde za mwisho baada ya kusoma mifuko yote. Yule mwenye dola 2 anakatwa kamili, kisha anaambiwa ameshindwa na watu wenye ujuzi kuliko yeye. Ujuzi wanao, sikatai. Ila wanaingia dirisha moja naye, kwa bei isiyo yake.