Barua ya Mpangaji wa F33

Kwa Watunza Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa,
Shirika la Afya Duniani,
Geneva, Uswisi.

YAH: MALALAMIKO YA MPANGAJI KUHUSU CHUMBA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mgonjwa wa sonona inayojirudia. Mtaani naitwa "yule mwenye mawazo", na shangazi yangu hunisihi niache kuwaza, kana kwamba nawaza kwa hobi. Ninyi mmenipa jina fupi, linaenea hata kwenye kisanduku cha fomu ya bima: F33. Nashukuru.

Jina hilo nilikutana nalo kwenye dirisha la madai. Karani alinirudishia fomu: "Haina kodi hii, hailipiki." Nikadhani nadaiwa pango. Kumbe kodi ni ile namba, na bila namba vidonge vyangu havina mlipaji.

Basi nikaikagua nyumba yenu kama mpangaji mwenye akili. Masharti ya kuingia yako wazi. Sonona ikae wiki 2 kwa uchache, iondoke miezi kadhaa, kisha irudi. Ikija mara moja tu unapelekwa F32, nyumba ya jirani, kwa wapita njia. Mimi nimetimiza na kuzidisha. Yangu imesharudi mara tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Akalima usingizi wangu wote.

Ndani mmejenga vyumba 7. Nukta sifuri ni sonona nyepesi, nukta moja ya wastani, nukta mbili kali, nukta tatu kali yenye kuona na kusikia yasiyokuwepo. Nukta nne ni ya waliotulia, nukta nane ya aina nyinginezo, na nukta tisa "isiyobainishwa". Fundi wenu ana jicho. Nadhani wiki ile niliyoweza kuoga lakini nikashindwa kupokea simu ya mama, nilistahili chumba cha nukta moja. Mwezi ule sukari na chumvi vilipokuwa na ladha moja, nilistahili cha nukta mbili.

Nasema nadhani, kwa sababu vyumba hivyo sijawahi kuviona. Foleni ya kliniki inafika getini. Nikiingia, daktari, maskini, hana hata nafasi ya kuinua kichwa. "Vilevile?" Najibu, "Vilevile." Anaandika F33.9, anaita mwingine. Niliyekaa naye benchi moja alitoka na F33.9 pia. Vyumba 7, Waheshimiwa, na wapangaji wote tunalala barazani.

Najua mtanijibu kwamba kuna nyumba mpya. Toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022, sonona yangu humo ni 6A71, na vyumba vimefika 10. Hata kutulia mmekugawa: kutulia kiasi na kutulia kabisa. Hongereni. Baraza nayo mmeihamisha salama. Siku hizi inaitwa Z.

Wamarekani, kwenye toleo lao la 10, wana namba hata ya mtu aliyegongwa na bata: W61.62. Namwonea wivu mtu huyo. Yeye hahitaji kuulizwa mengi. Bata alionekana, na alama ipo. Sonona haiachi alama ya mdomo wa bata. Asipopatikana mtu wa kuuliza na kungoja jibu, haina chumba.

Sitaki nyumba ibomolewe. Bila namba nisingelipiwa dawa, wala nisingehesabiwa popote. Ombi langu ni moja: rekebisheni maandishi ya mlango wa nukta tisa. "Isiyobainishwa" inasomeka kana kwamba ugonjwa ulijificha. Haukujificha. Ulikaa kwenye kiti mbele ya daktari, umevaa shati langu. Andikeni: "F33.9: sonona inayojirudia, mgonjwa hakuulizwa."

Kisha mwisho wa mwaka, mkijumlisha namba kama kawaida yenu, mtuambie tuko wangapi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji,
Barazani, F33.

Nakala: Karani, dirisha la madai. Kodi nimeambatanisha.