Maji ya Kupigia Pasi

Muuzaji wa Kariakoo alituapia kwamba mambo ya kuinamia meza ya pasi yamekwisha. Unatundika shati, unalipitishia mvuke, mikunjo inasalimu amri. Kuhusu maji hakugusia chochote.

Maji yetu Mbagala ni ya kisima. Yakichemka, sufuria inabaki na utando mweupe, na sisi wenyewe tumeshayazoea. Pasi ya mvuke haikuyazoea. Mvuke ukitoka, chokaa inabaki ndani, inaganda kwenye vijinjia, na ikichoka kukaa inajitafutia mlango. Ilichagua Ijumaa, saa sita na robo, kanzu ya kijivu ya mume wangu ikiwa inaning'inia mlangoni. Mashine ikakoroma, ikakohoa, ikatema. Kigamba kimoja cheupe kikatua juu ya tarizi, pale pale kifuani. Mwenye kanzu akaangalia saa, hakusema neno, akaenda msikitini na kanzu yake ya harusi, ambayo siku hizi humruhusu kusujudu kwa tahadhari.

Fundi alituambia tuweke siki iliyochanganywa na maji, ipate moto, ipoe, tuimwage na kusuuza. Kweli ilisafika. Wanangu tu ndio walikwenda madrasa wakinuka achari.

Baada ya hapo, akasema, iwe inakunywa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Nikamtuma mdogo wangu kituo cha mafuta.

"Yenye asidi au yasiyo na asidi?" kijana wa pale akamuuliza.

"Ya kupigia pasi."

Wakaitana watatu kuja kumtazama.

Kwa shela laini na magauni ya shanga, tusiidhulumu, haina mpinzani. Ila yetu ni ya wati 1,500: dakika 40 tu, uniti nzima ya LUKU imekwenda. Na suruali ya suti haiiwezi. Mvuke unalegeza nyuzi, lakini uzito wa kukandamiza hauna, kwa hiyo ule mstari wa mbele hauupati hata ukeshe.

Mama mkwe, aliyefika kutoka Tanga, alinikuta nimezungukwa na mvuke huo, jasho linanitiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo suruali unainyoosha au unaipika?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua begi lake na kutoa pasi ya mkaa.